Bomba Lisilo na Jina

Tusekile Mwambene alirudisha rejista zote ndani, moja baada ya nyingine, kisha akabonyeza vibao vitatu kwa pamoja na kusikiliza. Hakukusikika kitu, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Katika kinanda cha mabomba, rejista ni vile vishikio vya mbao vilivyopangwa kushoto na kulia kwa mpigaji, na kila kimoja hufungulia upepo kundi lake la mabomba. Usipovuta hata kimoja, unaweza kubonyeza mpaka vidole viume na kanisa likabaki kimya.

Lakini sindano ya kipimo cha upepo, pale juu ya ubao wa nota, ilishuka.

Akainua vidole. Sindano ikapanda. Akabonyeza tena. Ikashuka.

Upepo ulikuwa unakwenda mahali.

Kinanda cha kanisa la Itulwe kilikuwa kimerudi kutoka matengenezo mwezi uliopita, na tangu siku ile Tusekile hakuwa na amani nacho. Kwanza, waliogharamia matengenezo walikuwa Mamlaka ya Tahadhari, watu wa matetemeko na mafuriko. Tangu lini watu wa mafuriko wakajali muziki? Pili, kilirudi na Mshauri, kioo kidogo kilichobandikwa pembeni, kinachosoma nota pamoja na mpigaji na kumchagulia rejista. Tatu, viti vya waumini vilibadilishwa vyote siku hiyo hiyo, na alipouliza sababu akajibiwa kwamba vya zamani vilikuwa na mchwa. Tusekile alikuwa amekalia viti vile tangu utotoni. Havikuwa na mchwa.

Jumamosi hiyo mchana alikuwa akifanya mazoezi ya wimbo wa kesho, utunzi mrefu wa karne ya kumi na tisa, wa mtindo ule ambao wataalamu huuita wa kiromantiki. Muziki wa namna hiyo hauruki. Unapanda kama ukungu unavyopanda bondeni, na ukija kushtuka umeshakufunika. Kazi yote ya mpigaji iko kwenye rejista. Unaanza na zile zenye sauti ya nyuzi peke yake, zikiwa zimefungiwa ndani ya sanduku lao. Unaongeza filimbi za mbao. Unafungua vifuniko vya sanduku kidogo kidogo kwa mguu. Unaleta mabomba makubwa ya msingi, na mwisho kabisa, wakati kila mtu ameshajaa, unavuta zile za ndimi zinazounguruma. Mwalimu wake alimfundisha sharti moja tu: msikilizaji asijue mkono wako ulivuta lini.

Aliupiga kwa kufuata Mshauri, ili aone kinataka nini. Katikati ya mpando, kabla ndimi hazijaingia, nywele za shingoni zilimsimama. Alihisi kwamba kuna mtu nyuma yake. Akageuka, hapakuwa na mtu. Chini, kwenye viti vya kwaya, baba yake mdogo, mzee Gwamaka, aliyekuwa amewahi mazoezi, alisimama ghafla akakusanya kofia yake.

"Baba mdogo, unakwenda wapi? Wenzako hawajafika hata."

"Ng'ombe," alisema Gwamaka, mkono kifuani. "Sijui kama nilifunga zizi. Nina wasiwasi na nyumbani."

Gwamaka alikuwa ameimba sauti ya nne katika kwaya ile kabla Tusekile hajazaliwa, na hakuwahi kuacha mazoezi kwa sababu ya zizi. Alipotoka, Tusekile ndipo alipoanza kufunga rejista moja moja. Sasa alikuwa anaitazama sindano.

Akachukua kurunzi akaingia nyuma ya kinanda, mahali penye ngazi na vumbi na harufu ya ngozi ya mivukuto inayohifadhi upepo. Mabomba yote aliyajua. Nyuma ya yale marefu ya mbao palikuwa na moja la kijivu, nene kama shina la mparachichi, lililokunjwa mara mbili ili lienee chini ya dari. Halikuwa na namba wala jina.

"Usiliguse hilo, mwalimu."

Alikuwa Lwitiko, mhandisi wa Mamlaka aliyesimamia matengenezo. Alikuwa kijana mpole, mwenye suruali safi siku zote, aliyebaki pale mjini akisema anaangalia kama kinanda kimetulia. Alisimama mlangoni na kuziba njia, ingawa labda hakukusudia.

"Hili ni la nini?" Tusekile aliuliza.

"La kuongeza uzito wa sauti za chini."

"Sauti za chini zina rejista zake. Hili linafunguliwa na nani?"

Lwitiko akashusha pumzi. "Nikikudanganya utajua?"

"Sijui. Jaribu."

Hakujaribu. Alikaa kwenye ngazi akaeleza. Bomba lile linatoa sauti ya chini kuliko sikio la binadamu linavyoweza kushika. Sikio halisikii, ila kifua kinasikia. Kwenye viti vipya kuna vitambuzi vinavyosoma pumzi na mapigo ya moyo, na Mshauri hulirekebisha bomba mpaka mioyo mingi iende mbio. "Mtu hasemi nimesikia sauti," alisema. "Anasema, nina wasiwasi na mahali hapa. Anadhani ni wazo lake."

"Mnawatisha watu kanisani."

"Tunataka waondoke. Ziwa limejaa, mwalimu."

Hapo hakuhitaji kueleza. Kila mtu wa Itulwe aliishi chini ya ziwa lile, lililokaa kwenye kinywa cha mlima wa moto uliozimika, na kila mtu aliambiwa kwamba chini ya maji kuna gesi nzito. Siku maji yatakapojipindua, gesi itamwagika bondeni kimya kimya, na waliolala hawataamka. Mamlaka iliwahamisha mara mbili. Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Mara ya pili hakikutokea kitu vilevile, na waliporudi walikuta mashamba ya juu yamezungushiwa uzio na kampuni ya maparachichi ambayo hakuna aliyeijua. Gwamaka alipoteza shamba na ng'ombe wake wote isipokuwa jike mmoja. Tangazo la tatu lilipokuja, alichukua mkaa akaandika kwenye geti lake: SIENDI. Majirani wakaandika hivyo hivyo.

"Kesho baada ya ibada nitatangaza," Lwitiko alisema. "Ukipiga kama Mshauri anavyokuelekeza, wataondoka wenyewe kabla jua halijazama. Bila askari, bila virungu."

"Kwa hofu ya bomba."

"Na wewe maisha yako yote umefanya nini? Unaongeza sauti taratibu mpaka watu wanalia, na hakuna anayejua mkono wako ulivuta lini. Nieleze tofauti yangu na yako."

Swali hilo lilimuudhi Tusekile kuliko bomba lenyewe.

"Nipeleke ziwani," alisema. "Sasa hivi."

Walipanda kwa pikipiki ya Mamlaka mpaka njia ilipokwisha. Njiani Tusekile alisimamisha safari kwenye kibanda akanunua kiberiti mwenyewe. Pale juu alimwambia Lwitiko aache begi, simu na koti, abaki kwenye kilima. Kama bomba lingeweza kujificha nyuma ya kinanda, kitu kidogo kingeweza kujificha popote.

Aliteremka peke yake. Maji yalikuwa yametulia, ya kijani, hayana hata kiluwiluwi. Ukingoni alikuta ndege wawili weusi wamelala kifudifudi, mbawa zimekunjwa vizuri. Alisimama akawaangalia. Ndege waliokufa mtu anaweza kuwaleta kwenye mfuko akawapanga.

Akawasha njiti usawa wa kifua, ikawaka. Akachuchumaa, akaiteremsha taratibu kuelekea magotini. Mwali ukazimika kana kwamba umefinywa na vidole. Akawasha nyingine. Ikazimika pale pale. Alipowasha ya tatu kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga, na aliinuka akapanda kilima kwa mikono na miguu, gauni likiraruka.

Lwitiko alimpa mkono. "Umeamini?"

"Nimeamini kiberiti," Tusekile alisema akihema. "Wewe bado."

Akashuka moja kwa moja hadi kwa Gwamaka. Mzee alikuwa anakamua. Binti yake Atupele, muuguzi wa zahanati, alikuwa jikoni akimenya ndizi, na mlango ulikuwa wazi.

"Ndaga, baba mdogo," Tusekile alimsalimu kwa kilugha, kisha akaeleza habari ya ndege na njiti, kila kitu, ila habari ya bomba hakuigusa. Alijiambia ataigusa baadaye, hili la ziwa likishakubaliwa.

Gwamaka hakuacha kukamua. "Ulikwenda na nani huko?"

"Na Lwitiko. Lakini yeye alibaki—"

"Basi."

"Baba mdogo, njiti nilinunua mwenyewe."

"Na uzio wa shamba langu nao niliuona mwenyewe. Mara ya kwanza walikuja na mashine zenye taa. Mara ya pili wakaja na mchungaji. Sasa wamekuja na mtoto wa kaka yangu." Akainua ndoo, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wamekupa nini, Tusekile? Kinanda?"

Atupele alikuja mlangoni na kisu mkononi. Alimtazama dada yake vile vile baba alivyomtazama.

Jumapili asubuhi, kabla kengele haijalia, Tusekile aliingia nyuma ya kinanda na koleo akakata waya uliokwenda kwenye bomba la kijivu. Akakizima kioo cha Mshauri. Alimwambia Lwitiko kwamba atapiga kwa mkono wake, na yeye atangaze kwa maneno yake kama mwanaume.

"Sawa, mwalimu," Lwitiko alisema.

Alikubali upesi mno. Tusekile aliketi na hilo moyoni.

Kanisa lilijaa. Mahubiri yalipokwisha, Mchungaji Mwaipasi aliwaomba watu watulie wasikilize muziki, kisha mgeni atakuwa na neno. Kwenye kioo kidogo cha pembeni, kile cha kawaida ambacho mpigaji hutazamia madhabahu, Tusekile aliona nyuso zikijifunga kwa neno "mgeni." Gwamaka alikuwa mstari wa mbele wa kwaya, mikono kifuani.

Akaanza na zile za nyuzi, vifuniko vimefungwa, sauti kama watu wanaoongea chumba cha pili. Akaongeza filimbi moja ya mbao mahali ambapo mkono wa kushoto unashika nota ndefu, ili isisikike ikiingia. Mguu ukaanza kufungua sanduku. Alivuta mabomba ya msingi, la kwanza, la pili, na kwa dakika chache alisahau ziwa na Mamlaka na macho ya Atupele. Kinanda kilikuwa chake tena. Akakaribia ndimi, akanyoosha mkono kuzivuta.

Sindano ilikuwa imeshuka kuliko rejista alizovuta zilivyopaswa kuishusha.

Nywele zikamsimama. Palikuwa na waya mwingine, au hapakuwahi kuhitajika waya. Kwenye kioo alimwona Lwitiko amesimama nyuma kabisa karibu na mlango, simu kiganjani, kidole gumba juu yake.

Mtoto mmoja alilia, kisha wengi. Mwanamke akasimama akamvuta mumewe. Watu walikuwa wanatazamana na kutazama dari, na hakuna aliyetazama kinanda. Kisha Tusekile aliona jambo ambalo hakutegemea kuliona maishani. Gwamaka aliinuka. Mzee aliyeandika SIENDI kwa mkaa alivuka mbele ya wenzake bila kuomba radhi, akashika njia ya katikati, akaelekea mlangoni, akilia kama mtoto. Atupele alimkimbilia. Nyuma yao safu nzima ikasimama.

Walikuwa wanaondoka. Hakuhitaji kufanya lolote. Hakuwa amelivuta yeye. Mikono yake ilikuwa safi. Alichotakiwa ni kuendelea kupiga, ndimi ziingie, vifuniko vifunguke vyote, na kufikia jioni bonde lingekuwa tupu na kila aliyempenda angekuwa hai. Vidole vyake viliendelea. Alipiga mstari mzima, na mwingine, akijua.

Gwamaka alifika mlangoni. Akageuka nyuma, na Tusekile akauona uso wake kwenye kioo. Hakukuwa na Gwamaka usoni pale. Palikuwa na hofu tu, imevaa kofia yake.

Tusekile aliacha vibao, akanyoosha mkono chini ya kiti, akazima mota ya upepo.

Kinanda hakikunyamaza mara moja. Mivukuto ilishuka na sauti zote zikateleza pamoja nayo, zikaenda mrama, zikaguna, zikakata. Watu walisimama pale walipokuwa, midomo wazi.

"Msitoke," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo baada ya zile. "Hofu mliyonayo si yenu. Kuna bomba humu limewekwa la kuwatia hofu. Yule pale ndiye aliyelifungua. Kaeni lipungue, halafu nitawaambia habari ya ziwa, na mtaamua wenyewe."

Mchungaji Mwaipasi alishuka madhabahuni. "Injinia, ni kweli?"

Uso wa Lwitiko ulikuwa umepauka kama majivu. "Ni kweli. Na ziwa nalo ni kweli. Yote mawili ni kweli, mchungaji."

Kama mchungaji asingemkumbatia kwa mikono yake miwili, wangemuua pale pale. Katika vurugu hiyo Tusekile alishuka, akasimama mbele, akaeleza juu ya njiti. Baadhi walisikiliza. Wengine walimtukana. Naye Gwamaka, aliyekuwa ameshakanyaga kizingiti, alirudi taratibu akifuta uso kwa kofia, akakaa mahali pake mstari wa mbele.

Wiki ile watu wa Itulwe walifanya walichokuwa hawajawahi kufanya: walikwenda ziwani wenyewe. Walikwenda na vibatari, na kuku kwenye matenga, bila mtu wa Mamlaka hata mmoja. Walirudi na vibatari vimezimika na kuku wamekufa. Nyumba moja ikafunga mizigo, kisha jirani yake, kisha mtaa. Walihamia Kasyeto, juu ya mlima wa pili, na safari hii waliacha vijana wa kulinda mashamba kutoka mteremko wa juu ambako gesi isingefika.

Tusekile alikwenda kwa baba yake mdogo mara tatu. Mara ya mwisho Atupele alikuwa amekaa kwenye mzigo nje ya geti, macho mekundu.

"Baba mdogo, kila mtu ameona."

"Nimesikia."

"Basi twende. Nakuomba."

"Kama ungenijia na habari ya bomba ile siku ya kwanza, pengine ningekusikiliza," Gwamaka alisema, bila hasira. "Ulinificha. Na hapo kanisani nilikuwa mlangoni, Tusekile. Nilikuwa naacha binti yangu nyuma. Miguu haikuwa yangu." Akampapasa jike wake mgongoni. "Sasa kila nikisikia woga, najiuliza ni wa nani. Siwezi tena kujua. Bora nikae na mnyama wangu."

Alikuwa na akili zake timamu, na alikuwa kwake. Tusekile alimbusu mkono, akamshika Atupele kwa nguvu, wakaondoka.

Ziwa lilijipindua asubuhi ya ukungu, likanguruma mara moja tu, kama gari linalopita mbali. Kufikia adhuhuri walioshuka na mitungi ya hewa walikuta nyumba nne zenye watu. Gwamaka alikuwa zizini, ameegemea ubavu wa ng'ombe wake, wote wawili wamelala.

Walimzika Kasyeto pamoja na wengine. Lwitiko alikuja, amesimama mbali na umati, na watu wakamwacha. Tusekile alipopita karibu naye, Lwitiko alisema kwa sauti ya chini, "Ungeliacha bomba dakika mbili zaidi, yule mzee angekuwa hai."

"Najua."

"Na bado ungezima?"

Tusekile aliendelea kutembea. Alikuwa amejiuliza mwenyewe kila asubuhi, na kila asubuhi jibu lilikuwa lile lile, na kila asubuhi lilimuuma mahali papya.

Kinanda cha mabomba kilikuwa kimebaki bondeni. Walikuwa wameazima kile kidogo cha umeme, wakakiweka juu ya meza karibu na kaburi. Tusekile alikaa, akachagua sauti, akasubiri kwaya ijipange. Mstari wa sauti ya nne ulikuwa na pengo, na hakuna aliyesogea kuliziba.

Atupele alitoka kwenye kundi la wafiwa akaja mpaka mezani.

"Ulipozima ule upepo," alisema, "ulijua baba atabaki?"

"Sikujua ni nani."

"Lakini ulijua atabaki mtu."

"Ndiyo."

Atupele alitikisa kichwa polepole. Alitazama vidole vya dada yake vilivyokuwa tayari juu ya vibao, akavitazama kwa muda, jinsi watu wa Itulwe walivyojifunza kutazama kila kitu kinachotoa sauti.

"Leo usipige," alisema.

Tusekile aliondoa mikono. Akachomoa waya, akasimama, akaenda kukaa chini kwenye nyasi pamoja na akina mama. Mtu mmoja katikati ya umati alianza wimbo, akaanza juu mno, akakatisha, akaanza tena chini kidogo, na wengine wakamfuata bila ala yoyote, sauti zikipishana, kila mmoja akitafuta mahali pake mwenyewe.